Harusi Tuliyoisukuma hadi Ziwani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mume wangu husema mdomo wangu hufika mahali kabla ya miguu yangu, na kwa kuwa ameishi nami tangu cherehani yangu ikiwa mpya, simbishii. Nashona nguo barazani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, na ng'ambo ya barabara ndiyo gereji yake. Siku nzima macho yangu huenda kwenye uzi na kurudi kwenye grisi, na nikimwona fundi amekaa bure, namwambia.

Mtaa wetu una jambo ambalo wageni hulicheka kabla hawajalielewa. Hapa hakuna fundi wa gari zima. Kuna fundi wa breki, ambaye baba yake naye alikuwa wa breki. Kuna wa springi, wa kabureta, wa nyaya, wa kunyoosha bati. Kila mmoja ana kona yake, na gari likishafunguliwa injini husukumwa kutoka kona moja hadi nyingine, kama mgonjwa anayezungushwa kwa waganga. Ndiyo maana wanaume wa Buyenzi wanajua kusukuma, na hawasukumi ovyo. Wenye mabega hukaa nyuma, mmoja hushika usukani, mmoja hupaza sauti, na mmoja hutembea kando ya gurudumu la nyuma ameshika kabari, yaani kipande cha mti kilichochongwa upande mmoja. Barabara ikipanda na watu wakichoka, huichomeka chini ya tairi ili gari lisirudi nyuma. Mwenye sauti huuliza, “Motoka ni ya nani?” na wote hujibu, “Ni ya kwetu!” Hujibu hivyo hata kama mwenye gari ni tajiri wa Rohero, amekaa kivulini anakunywa soda.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kikongo kutoka upande wa Uvira, Mkristo, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Tunachangia bomba moja la maji, kamba moja ya kuanikia nguo, na ugomvi mmoja kuhusu hiyo kamba ambao hatujaumaliza mpaka leo. Alivuka mpaka kwa miguu, mume wake akiwa ameshazikwa, binti yake wa pekee akiwa mgongoni, na mvua ikimpiga njia nzima. Hakuisimulia safari ile mara nyingi. Alichokuwa akikirudia, akichambua ndagala mlangoni pake, ni nadhiri yake.

“Mi nilitembea,” alikuwa akiniambia. “Lakini huyu mutoto wangu, ile siku atatoka kwangu kwenda kuolewa, mguu wake hautagusa barabara. Ataenda mu gari, ameketi, kama mutu mwenye kwao.”

Wengine huomba nyumba ya ghorofa, wengine huomba mtoto apate kazi benki. Yeye aliomba gari la siku moja, na alilitaka kwa moyo wake wote. Nilikuwa namtania kwamba Mungu atamwona mvivu wa kuomba. Alicheka, lakini nadhiri hakuibadilisha.

Binti akakua, akasoma, akapata mchumba, kijana mrefu muuguzi, Mrundi wa kutoka juu milimani, mpole hata nikawa na wasiwasi naye. Harusi ikapangwa. Na ndipo esansi, yaani petroli, ikakosekana mjini.

Sitaki kusema uongo kwamba ilikuwa mateso matupu. Ni kweli tulilalamika, na mimi nililalamika kwa sauti kuliko wote. Lakini mji ulitoka ukatembea. Asubuhi, makarani wa wizara walipita mbele ya cherehani yangu wakiwa na viatu vizuri mkononi na ndala mguuni. Mapadri walitembea, walimu walitembea, wauza maandazi wakanenepa kwa faida. Watu waliokuwa wakipita na vioo vimefungwa sasa walisimama kunisalimia, wengine wakaacha suruali nipunguze. Na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba mtaa wetu una ndege. Kwenye michikichi iliyo karibu na msikiti kuna wale ndege wadogo wa manjano wanaofuma viota vyao kwenye ncha za majani, na kumbe makelele yao ni kama ya wanawake wa hapa siku ya kugawana nyama. Miaka yote walikuwa wakigombana juu ya kichwa changu na mimi sikujua, kwa sababu ya honi.

Jirani hakuwa na muda wa kusikiliza ndege. Alikuwa anatafuta esansi. Aliitafuta kupitia wanawake wenzake wa biashara ya samaki, wanaokwenda na kurudi mpakani, kila mmoja akimletea kidogo kidogo, mpaka bidoni lake, dumu la manjano, likajaa. Siku alipolileta gereji alilibeba kifuani kama mtoto.

“Shemeji,” alimwambia mume wangu, “hii ndio itamupeleka mutoto kanisani. Uichunge.”

Mume wangu alilifungia bidoni kwenye kibanda cha gereji na akaapa. Gari nalo lilikuwa lake, jeupe, kuukuu, analolifufua kwa miaka mingi kama vile ni ndugu yake. Halikuwa limeonja esansi kwa muda mrefu, lakini aliahidi kwamba siku ya harusi litanguruma, na mafundi wote wa mtaa walikubali kuja kulitazama, kila mmoja kwa upande wake. Nilishona gauni nikiwa na amani. Nilishona kwa moyo sana, kusema kweli. Marinda yaliyobaki baada ya kumaliza sehemu ya chini sikutaka yapotee, nikayaongeza, na mwishowe lile gauni likiwekwa kitini lilihitaji kiti kizima na nusu ya cha pili.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jamii, hakuna duka linalofunguliwa wala gari linalopita, na kila nyumba hutoa mtu wa kufagia na kuzibua mitaro. Siku hiyo hakuna aliyehitaji kuitwa. Tulifagia kama vile bwana harusi angelala barabarani. Matope ya mtaro wetu yalitolewa mpaka saruji ya chini ikaonekana, na wazee wakasema hawajaiona tangu utoto wao. Jirani yangu alikuwa na jembe mkononi na roli za nywele kichwani, anawachekesha watu, anatania kila anayepita. Nikamwona mrembo.

Kazi ilipokwisha, mume wangu akatuita gereji. Alifungua boneti kama mtu anayefunua sufuria ya pilau. Wallahi, nimeona injini nyingi maishani mwangu bila kupenda, lakini sijawahi kuona kama ile. Iling'aa. Jirani alipitisha kidole juu yake, akakitazama, kilikuwa kisafi.

“Shemeji! Iko safi kupita sahani zangu.”

Mume wangu akatabasamu, akaingia kibandani kuchukua bidoni. Alitoka nalo akiwa amelishika kwa kidole kimoja. Nilipoona kile kidole kimoja moyo wangu ukashtuka, kwa sababu bidoni lililojaa halibebwi hivyo. Akalitikisa. Likalia kwa ndani chubwi ndogo tu, kama maji ya kunawa yaliyobaki birikani.

Kisha fundi wa kabureta akakohoa.

“Mi nilichukua kikombe,” akasema. “Kikombe moja tu, ya kuosha kabureta. Ni harusi. Haiwezi kwenda na kabureta muchafu.”

Fundi wa breki alikuwa ameinama anaangalia vidole vya miguu yake. “Na mi nilichukua kidogo. Ya breki.”

Fundi wa nyaya alikuwa amechota ya kufutia vichwa vya waya. Fundi wa bati alikuwa amechota ya kutolea lami kwenye mlango. Hata fundi wa springi, na springi haina haja yoyote ya kuoshwa na esansi, naye alikuwa amechota, kwa sababu aliona haya gari la bibi harusi liondoke bila mkono wake. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake, akaomba ufunguo wa kibanda akisema anataka spana, akachota chake, akadhani ni yeye peke yake.

Nikamgeukia mume wangu. “Na wewe, Baba watoto?”

“Boji,” akasema kwa sauti ndogo, yaani zile plagi za injini. “Nilizisafisha boji.”

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Siku ile nilijifunza kwamba haba na haba hukikausha vilevile. Nikafungua mdomo. Nilisema mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nilisema kwa mpangilio, fundi mmoja baada ya mwingine, nikianza na wa springi. Wote walisimama wanasikiliza kama watoto wa madrasa. Hakuna aliyejitetea, na hilo likanikasirisha zaidi, maana hasira bila mpinzani huisha haraka.

Jirani yangu hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi bovu, akafungua roli moja kichwani, akaishika mkononi.

“Basi,” akasema. “Atatembea. Kama mi.”

Nilikuwa nimezoea kumwona akigombana, akicheka, akilia hata, lakini sikuwahi kumsikia akisema basi. Niliumia. Niliumia hata nikanyamaza, na mume wangu baadaye aliniambia ndipo alipoogopa kweli.

Aliyejitokeza ni fundi wa bati, mtu mwenye kifua kama pipa na sauti ya kushindana na nyundo, ambaye ndiye hupaza sauti gari linaposukumwa.

“Mama,” akasema, “esansi sina. Lakini mabega niko nayo.”

Wenzake wakainua vichwa.

“Apana,” jirani akasema. “Gari ya kusukumwa ni aibu. Batu watacheka.”

“Wacheke!” Hapo mdomo wangu ulikuwa umerudi. “We ulisema nini miaka yote? Ulisema mguu wake usiguse barabara. Injini ilie, hukusema! Mimi niko shahidi, nilikuwa naanika nguo kwenye kamba yangu.”

“Kamba yetu,” akasema.

Nikajua tumepona. Aliangalia lile gari jeupe, akawaangalia wale wanaume na mikono yao iliyooshwa vizuri mno kwa esansi ya mwanawe. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, mpaka ikabidi nimshike asianguke na lile tairi.

“Musimuangushe tu,” akasema. “Kama munamuangusha, nitabauzisha pamoja na ndagala.”

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wakatawanyika kama wana moto nyuma. Mafundi wakaenda kuoga, wakarudi wamevaa mashati meupe na kofia za Ijumaa, wengine nikawa siwatambui bila grisi. Wakasali Adhuhuri mapema mapema. Wanawake wakakata maua ya bogenvilia kwenye kila ukuta, mekundu na ya zambarau, tukalifunika gari mpaka ukuukuu wake ukajificha. Na kwa sababu kila bega la mwanaume lilihitajika nyuma, hapakuwa na wa kushika kabari. Nikaichukua mimi. Niliifunga utepe uliobaki kwenye gauni, ili angalau isinitie aibu, nikasimama kando ya gurudumu la nyuma nikiwa na kitenge changu cha sherehe na kipande cha mti mkononi.

Bibi harusi akatoka. Alibebwa kutoka mlangoni hadi kitini na wajomba wa kuazima, yaani fundi wa breki na fundi wa springi, wameshikana mikono kuwa kiti. Mguu haukugusa. Gauni likaingia polepole, likajaza kiti chote cha nyuma hata likachungulia madirishani. Tulimwambia mama yake akae mbele, karibu na mume wangu mwenye usukani. Akakataa.

“Kila kilo niliyo nayo itakuwa ju ya mabega ya batu,” akasema. “Mi nitatembea.”

Akashika dirisha la binti yake kwa mkono mmoja. Mume wangu akasema Bismillahi, kwaya ya kanisa lake ikaanza wimbo, na fundi wa bati akapaza sauti. Gari likaondoka bila mlio wowote.

Nimeona harusi nyingi zikitoka Buyenzi kwa honi na moshi, na sikuwahi kujua ni kitu gani kinakosekana mpaka nilipoisikia ile. Ulisikia kila kitu. Ulisikia vigelegele vikianza nyumba moja na kupokewa na nyingine, ulisikia ngoma ya kwaya, ndala za watoto, na wale ndege wa manjano wakigomba juu ya michikichi. Watu walitoka na vijiko mkononi. Walicheka, ndiyo, jirani alikuwa amesema kweli, lakini wakishacheka waliweka vijiko chini na kuja. Tulipofika kwenye pampu ya esansi, palikuwa na ule mstari wa magari uliozoeleka, wenye magari wamelala ndani wakisubiri tetesi za esansi. Wakaamka. Mmoja alituuliza tumekosa nini, akaambiwa, akafunga gari lake, akaja kusukuma. Kisha wa nyuma yake. Walisukuma mpaka mwisho wa mstari wao, wakatuaga, wakarudi kulala.

Baada ya kile kiwanja cha soko kuu lililoungua, barabara inaanza kupanda kuelekea Rohero, liliko kanisa. Mtu anayepita na gari hawezi kujua kwamba pale pana mlima. Mimi sasa najua. Wimbo wa kwaya ulikatika kwanza, kisha vicheko, kisha tukabaki na pumzi tu. Gari likawa linakwenda hatua chache, linasimama, na mimi nainama haraka na kabari yangu yenye utepe, tak, chini ya tairi. Wanapumua, wanasukuma, naitoa, nakimbia, naichomeka. Wingu la mvua lilikuwa limesimama juu ya milima nyuma ya mji, na upepo wake baridi ukawa unatusaidia mgongoni, au ndivyo nilivyoamua kuamini.

Ilifika mahali gari halikusogea kabisa. Mafundi walikuwa wamelala juu ya boneti ya nyuma kama nguo zilizoanikwa. Jirani alikuwa ameshika lile dirisha, amefumba macho. Nadhani alikuwa anaomba, au anawaza ile njia nyingine. Ndipo fundi wa bati akainua kichwa, na badala ya kuuliza gari ni la nani, akauliza kwa sauti yake yote:

“Mutoto ni wa nani?”

Hawakupanga. Naapa hawakupanga. Lakini walijibu wote, mafundi, kwaya, watoto, watu wa vijiko:

“Ni wa kwetu!”

“Mutoto ni wa nani?”

“Ni wa kwetu!”

Gari likapanda. Jirani yangu alifumbua macho, akaanza kulia huku anatembea, bila kujifuta, na mimi nikalia naye huku nimeinama, kwa hiyo nilikosa mara moja kuweka kabari na ikabidi nitukanwe na mume wangu. Sikujibu. Alinitazama kwenye kioo kuhakikisha kama mimi ndiye.

Kanisani tulichelewa, lakini nani asiyechelewa mwaka ule? Padri mwenyewe alikuwa amefika kwa miguu. Binti alishushwa kama alivyopandishwa, mikononi, akawekwa juu ya ngazi ya kanisa. Mimi nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, ambapo napendelea kukaa nikiwa kwenye ibada za wenzangu, kwa heshima na kwa upepo. Mafundi walibaki nje. Alasiri ilipofika walitandika makaratasi ya maboksi chini ya ile miti mikubwa ya Rohero inayotoa maua mekundu, wakasali safu moja, na ndani kwaya inaimba Haleluya kwa Kiswahili kile kile wanachonunulia kitunguu kwetu. Walipomaliza nikawagawia sambusa. Fundi wa springi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, mwewe akashuka kutoka mtini, akaichukua mkononi mwake na kuondoka nayo. Nikaona haki imetendeka.

Kutoka kanisani kwenda ziwani, kwenye ukumbi wa sherehe, ni mteremko, na mteremko ule ndio harusi yenyewe. Sasa bwana harusi naye alikuwa ndani, amekunja miguu yake mirefu mpaka magoti yakafika masikioni, na uso wake hauonekani kwa marinda. Hatukusukuma tena, tulikimbia. Gari liliteleza mbele yetu na maua yake yakiruka, mume wangu anakanyaga breki kila kona, na fundi wa breki anakimbia kando anapiga kelele, “Munaona? Munaona breki safi?” Jirani alikimbia na viatu vyake vya kanisani, ameshika kilemba kichwani. Wingu lilitudondoshea matone machache makubwa kisha likabadili nia. Mbele yetu ziwa likafunguka lote, na ng'ambo yake milima ya Kongo imesimama ya bluu, karibu kabisa, unaona hata mabonde.

Barabara ya ziwani ni tambarare, gari likapunguza mwendo, tukarudi kusukuma. Ukumbi tulikuwa tunauona, taa zimeshawashwa. Jua lilikuwa linazama. Na hapo ndipo mume wangu akakanyaga breki ghafla na kunyoosha mkono nje ya dirisha kutuzuia.

Kiboko alikuwa amesimama kwenye majani kando ya barabara, anakula. Hutoka ziwani saa kama zile, kila mtu wa Bujumbura anajua, na kila mtu anajua sheria: usisimame kati yake na maji, usipige kelele, subiri. Kwa kawaida muungurumo wa magari humfanya asogee mapema. Letu halikuwa na muungurumo. Tulimfikia karibu kiasi cha kusikia majani yakikatika mdomoni mwake. Nikachomeka kabari. Kwaya nzima ikanyamaza, akina mama wakafunika watoto midomo, na harusi yote ikasimama barabarani inamtazama bwana mkubwa akila chakula chake cha jioni.

Katika ule ukimya jirani yangu aliegemea mlango, akavua kiatu kimoja, akasugua kisigino. Kilikuwa kimechunika. Binti yake alikuwa anamwangalia kutoka dirishani.

“Mama,” akanong'ona. “Ingia.”

“Wapi? Kaa. Tumebakisha kidogo.”

“Ingia we. Mi nitashuka.”

“Apana!” Alisahau kunong'ona, kiboko akainua kichwa, wote tukaacha kupumua. Akashusha sauti. “Apana, mutoto. Mguu wako. Unajua nilisema nini.”

“Najua, mama. Lakini ile njia ya kutoka Kongo mi sikuitembea. Mi nilibebwa. Ni we ulitembea.”

Nilikuwa nimechuchumaa pale gurudumuni, sina pa kwenda. Mume wangu alianza kurekebisha kioo ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Jirani yangu alisimama na kiatu chake mkononi, anatazama mbele, sijui kama alikuwa anamwona kiboko au ile milima. Miaka yote ile ya kuchambua ndagala na kurudia nadhiri, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hesabu hiyo nyepesi, ya nani alibebwa na nani alibeba.

Mlango ukafunguka. Gauni langu likamwagika nje, na binti akashuka, akasimama juu ya lami kwa miguu yake miwili. Bwana harusi akajikunjua akatoka upande wa pili. Mama yake akaitazama ile miguu juu ya barabara. Nikadhani atagoma. Kisha akainama, akaingia, akakaa, akaweka mkoba juu ya magoti. Binti akamfungia mlango taratibu, kama anavyofungiwa mtu mkubwa.

Kiboko alimaliza alipotaka yeye. Akageuka, akavuka barabara bila haraka, akashuka kwenye maji, na watu wote wakatoa pumzi kwa pamoja. Bibi harusi alikwenda nyuma, akajipenyeza kati ya fundi wa breki na mume wake, akaweka mikono juu ya gari. Pindo la marinda yangu, nililolishona kwa macho yangu na mgongo wangu, lilikuwa linafagia vumbi la barabara ya ziwani. Sikusema neno. Nilitoa kabari, nikaitupa kwenye majani, nikaenda kusukuma nao.

Gari lilipoanza kusogea, kioo cha mlango wa nyuma kikashushwa mpaka chini. Mkono wa jirani yangu ukatoka nje, kiwiko kikatulia juu ya dirisha, kama cha mwenye gari.

“Polepole,” akatuambia. “Musikimbie. Mi sina haraka ya kufika.”